Ziwa moja, majina mengi: Siku moja kutoka Migori hadi Homa Bay

Wahenga walinena: tembea uone. Hawakusema tembea upige picha, wala tembea uhesabu miji uliyoipita. Kuona walikokusudia ni kule kunakomrudisha mtu kwao akiwa na swali ambalo hakuondoka nalo. Ndiyo maana naamini kwamba siku moja pamoja na mwenyeji anayeijua nchi yake huweza kumfaa msafiri kuliko mwezi mzima wa kuzunguka peke yake na kitabu cha watalii mkononi. Kitabu humwonyesha mgeni mahali. Mwenyeji humweleza mahali pale panaitwaje, nani alipaita hivyo, na nani asiyependa paitwe hivyo.

Makala haya yanahusu safari ya namna hiyo. Mimi ni Mtanzania, na kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu. Nilivuka mpaka pale Sirari, nikaingia Isebania, na mjini Migori nikapokewa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyekubali kuniongoza kando ya Ziwa Victoria hadi Homa Bay. Yeye aliniita Daktari, nami nilimwita Mwalimu. Ingawa tulizoeana kabla ya saa sita mchana, hatukuacha kuitana hivyo. Nia yangu ilikuwa kukusanya majina ya samaki. Majina niliyapata, na juu yake nikapata jambo zito zaidi, nalo ni namna lugha inavyoweza kuondoka mahali bila ya kufukuzwa na mtu yeyote.

Tuanze na mpaka wenyewe. Katika pande hizi mpaka wa Kenya na Tanzania ni mstari ulionyooshwa na wakoloni kutoka ziwani kuelekea kusini-mashariki, wala mstari huo haukumuuliza mtu lugha yake. Wakuria wako Tarime na wako Kuria ya Kenya. Waluo wako Rorya na wako Migori. Asubuhi ile pale Isebania nilisikia Kikuria, nikasikia Kiluo, na nikasikia Kiswahili cha namna mbili: kile cha kwetu, kinachoanza kwa shikamoo na kuzunguka kwa habari za nyumbani, na kile cha wenzetu, kinachofika kwenye bei ya ndizi bila ya kuchelewa. Wote walielewana, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mwalimu alikuwa amekodi gari, mojawapo ya yale magari ya Probox ambayo katika nchi ile hubeba abiria, mkaa, mbuzi na samaki kwa zamu, na pengine kwa pamoja. Tulipokaa vizuri aliniuliza: "Daktari, unajua uko wapi?" Nikasema niko Migori. "Migori ni mto," akasema. "Mji umeazima jina la mto. Hapa ni Suna. Ukiwauliza watu wa Suna leo watakwambia kwamba wao ni Waluo, nao hawasemi uongo. Lakini babu za wengi wao walikuwa Wasuba, na Wasuba walisema lugha ya Kibantu kama wewe."

Naomba msomaji aishike kauli hiyo, kwani safari yote iliyofuata ilikuwa ni ufafanuzi wake.

Kutoka Migori tulishika njia ya magharibi, tukapita pande za Nyatike karibu na Macalder, ulipokuwa mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa katika miaka ya 1960. Mbele yake tuliuvuka mto Kuja. Mto huu huteremka kutoka milima ya Wagusii, na kule juu wenyewe huuita Gucha. Huku chini Waluo huuita Kuja. Ni maji yale yale. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fonolojia angelifurahia jozi hii: palipokuwa na g pamekaa k, na palipokuwa na ch pamekaa j. Kila jamii imeupokea mto kwa kinywa chake. Hakuna anayeweza kusimama kando ya mto huo akatangaza kwamba Gucha ni sahihi na Kuja ni makosa. Hata hivyo, ndivyo tunavyofanya mara kwa mara darasani kuhusu maneno mengine, kama nitakavyoonyesha.

Tulifika Sori, katika ghuba ya Karungu, jua likiwa limeanza kuchoma. Huko kwetu Musoma tungeliita pale mwalo. Mwalimu alisema kwa Kiluo ni wath. Wanawake walikuwa wametandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga na kuanika juu yake samaki wadogo wenye kung'aa kama fedha. Nikatoa daftari langu.

Samaki wale wadogo ni dagaa kwa Mtanzania, ni omena kwa Mkenya, na ni mukene kwa Mganda. Samaki mkubwa mwenye nyama nene, ambaye viwanda huvisafirisha vipande vyake hadi Ulaya, kwetu ni sangara, hapa ni mbuta, na Uganda ni mputa. Yule tunayemwita sato, hapa ni ngege. Wale wadogo wa miambani, ambao wanasayansi wamehesabu mamia ya aina zao katika ziwa hili, kwetu ni furu na hapa ni fulu. Hata ziwa lenyewe lina majina yake. Waluo huliita Nam Lolwe, Waganda huliita Nalubaale, na Mwingereza John Speke, aliyelifikia mwaka 1858 kutoka upande wa kusini, alilipa jina la malkia wake. Jina la malkia huyo ndilo lililoingia katika ramani.

Kati ya majina hayo, jina la sangara lina fundisho la pekee. Samaki huyu si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na wenyeji walipoanza kumwona katika nyavu zao ilibidi wamtafutie jina. Kwa hiyo mbuta na sangara, kwa maana ya samaki huyu katika ziwa hili, ni majina ya juzi. Hayakutungwa na kamati wala hayakupitishwa na baraza. Yalitoka midomoni mwa wavuvi na wachuuzi, yakapanda magari ya samaki, na leo yako katika orodha za vyakula Nairobi na Dar es Salaam. Lugha inayoishi hufanya kazi hivyo.

Sasa turudi darasani. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya watu wa bahari. Uamuzi huo ulifikiwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikasimamia usanifishaji. Sina ugomvi na uamuzi huo. Bila ya msingi mmoja tusingekuwa na vitabu wala magazeti kama hili. Lakini lugha yenye asili ya pwani hubeba pwani ndani yake. Ina jahazi, ngalawa na mtepe. Ina kusi na kaskazi. Ina maji kujaa na maji kupwa. Mtoto wa Sori huyasoma maneno hayo yote na kuyaandika katika mtihani, ilhali ziwa lililo mlangoni kwao halijai wala halipwi kama bahari, na upepo wake hauitwi kusi. Akiandika omena katika insha, huenda akasahihishwa aandike dagaa. Akiandika mbuta, huenda mwalimu akatia mstari mwekundu.

Nilimuuliza Mwalimu kama alipokuwa kazini naye alitia mistari hiyo. Akacheka, akasema: "Mtihani wa taifa ulikuwa unakuja, Daktari. Mimi nilikuwa nawavusha mto, si kuwafundisha kuogelea." Jibu hilo ni la haki. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi, na mwalimu wa kijijini hakuwa na nafasi ya kubishana na mtunga mtihani. Mzigo huu ni wa watunga vitabu, watunga kamusi, na sisi tunaofundisha walimu.

Kutoka Sori njia huelekea kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kushoto na milima ya Gwassi ikisogea mkono wa kulia. Hii ndiyo nchi ya Wasuba. Masimulizi yao husema kwamba wengi wao walitoka pande za Buganda na Busoga, wakavuka maji kwa mitumbwi na kukaa katika visiwa na fuko hizi: Mfangano, Rusinga, Gwassi, Kaksingri, hadi Muhuru karibu na mpaka wetu. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu, na ina jamaa upande wa Tanzania, katika lugha za Rorya kama vile Kisimbiti, Kihacha na Kisweta. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Wasuba zaidi ya 150,000. Anayedhani kwamba watu 150,000 ni wasemaji 150,000 amedanganyika. Katika sehemu kubwa ya nchi hii Msuba huzaliwa, hucheza, huoa, huomba na huzikwa kwa Kiluo.

Wanaisimu wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1992 Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walichapisha utafiti wao juu ya Wasuba katika kitabu kilichohaririwa na Matthias Brenzinger kuhusu kufa kwa lugha. Kabla yao, mwaka 1979, mwanahistoria Henry Ayot aliandika kitabu juu ya watu aliowaita, katika jina la kitabu chenyewe, Waluo-Wasuba. Kistari kile kidogo kati ya majina mawili kinaeleza historia ya karne mbili.

Je, ilikuwaje? Wengi hudhani kwamba lugha hufa kwa vita au kwa amri ya serikali. Hapa haikuwa hivyo. Wasuba waliishi jirani na Waluo waliokuwa wengi zaidi, wakafanya biashara nao, wakaoa kwao. Sisi katika Kiswahili tuna msemo "lugha ya mama", na tunautumia kana kwamba ni fumbo tu. Kwa Wasuba ulikuwa kweli tupu: mama alikuwa Mluo, na mtoto akashika lugha ya mama. Kisha ikaja misheni. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakaandika na kuchapa kwa Kiluo. Shule zikafuata, na kitabu cha kwanza cha mtoto wa Kisuba kikawa cha Kiluo. Hakuna aliyewachukia Wasuba. Waliitwa kwa upole nyumbani, sokoni, kanisani na shuleni, na kila walikoitwa waliitwa kwa lugha nyingine.

Tulisimama Sindo kwa ajili ya chai. Mwalimu alinipeleka kwa mama mmoja mzee, jamaa yake kwa upande wa baba. Nilimwamkia, "Shikamoo, nyanya," nikikumbuka kwamba upande huu wa mpaka bibi ni mke wa mtu, na nyanya si tunda la kuungia mchuzi. Alifurahi, akajibu kwa Kiswahili chepesi cha sokoni. Mwalimu alimweleza kwa Kiluo kwamba mimi ni mwalimu wa lugha na ningependa kusikia Kisuba. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kitu ambacho Mwalimu alinifasiria hivi: "Nizungumze na nani?"

Tulielezwa kwamba ana kaka yake mkubwa katika kisiwa cha Mfangano, ambako lugha ina nguvu kuliko huku bara. Kila Jumapili wajukuu humpigia simu kaka huyo, na wazee wawili huzungumza Kisuba mpaka salio linapokwisha. Wajukuu hukaa karibu wakicheka, maana hawaelewi. Mwalimu mwenyewe huelewa nusu. "Mimi nasikia," alisema, "lakini mdomo wangu haujibu." Katika isimu tuna istilahi za hali hiyo, na niliwahi kuzifundisha mara nyingi. Mbele ya yule mama hakuna hata moja niliyotamani kuitamka.

Tulipokuwa tukiendelea kuelekea Mbita, Mwalimu alitoa nadharia yake. "Kiluo ni mbuta," alisema, "na Kisuba ni fulu." Mfano huo una nguvu, kwani sangara alipoongezeka katika miaka ya 1980, furu walipungua mno na aina nyingi hazikuonekana tena. Hata vitabu vya kitaaluma hupenda kuzungumzia lugha zinazoua na lugha zinazomezwa. Nilimpinga Mwalimu kwa heshima, na hapa napenda kueleza sababu. Sangara ana meno, lugha haina. Lugha haimli mtu wala hailili neno. Wanaofanya kazi yote ni watu: mama anayechagua amwimbie mtoto kwa lugha gani, mchungaji anayechagua ahubiri kwa lugha gani, mwalimu anayechagua achekelee neno la nani. Tukisema "lugha imeua lugha" tunajiondolea jukumu, kana kwamba tunasimulia habari za samaki. Na kama ni uchaguzi wa watu uliofanya jambo hilo, basi ni uchaguzi wa watu unaoweza kulipunguza. Samaki hawezi kukaa mkutano akaazimia kula kidogo. Sisi tunaweza.

Mbita ni mji mdogo wenye mambo makubwa. Hapo pana kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, taasisi iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa Kenya aliyeamini kwamba Mwafrika anaweza kuwatafiti wadudu wa mashamba yake mwenyewe. Kituo hicho sasa kinaitwa kwa jina lake. Kutoka gatini unaweza kupanda kivuko kwenda Luanda Kotieno ng'ambo ya ghuba, na kwa mbali unakiona kisiwa cha Mfangano kikiwa kimejiinamia majini. Rusinga iko karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijengwa njia ya udongo na mawe iliyokiunganisha kisiwa na bara, lakini ikazuia maji kupita kati ya pande mbili za ziwa. Baadaye, katika miaka ya 2010, pakajengwa daraja, na maji yakapata tena njia yao.

Tulivuka kwenda Rusinga. Hapo amezikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na juu ya kaburi lake pamejengwa jengo lenye umbo la risasi. Dunia humkumbuka Mboya kama mwanasiasa wa Kiluo. Rusinga hukumbuka kwamba asili yake ni Wasuba. Hapo pia, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe aitwaye Proconsul, aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita, mmoja wa jamaa wa kale wa nyani wakubwa na binadamu. Wageni huja kutoka mbali kutazama mawe yaliyohifadhi mifupa.

Mimi niliona visukuku vingine, navyo havichimbwi. Jina Rusinga lina sura ya Kibantu, na mwanzo wake ni ru-, ndugu ya olu- ya Olusuba. Mfangano na Muhuru vilevile zina sura hiyo. Watu wamebadili lugha, lakini majina ya nchi yamekaa palepale, kama mfupa ndani ya jiwe. Mtoto wa Rusinga anayesema Kiluo kitupu hutamka Kibantu kila anapotaja kwao. Hili ni somo la historia ambalo halihitaji vifaa vya maabara, linahitaji mwalimu atakayeuliza darasa lake, "Kijiji chenu kinaitwaje, na kwa nini?"

Safari ya kutoka Mbita hadi Homa Bay ilipita karibu na bonde la Lambwe, penye Hifadhi ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya ambapo bado wako korongo wa porini. Dereva wetu, kijana, alishangaa kusikia kwamba korongo ni mnyama, kwani yeye alijua korongo ndege na korongo la mmomonyoko wa ardhi. Mwalimu akamwambia kwamba neno moja linaweza kuwa na nyumba tatu, na ziwa moja likawa na majina matatu, wala hakuna aliyedhulumiwa.

Tulifika Homa Bay alasiri, mlima Asego ukiwa nyuma yetu na gati la zamani mbele. Meli za abiria zilipokuwa zikizunguka ghuba hii, mji huu ulikuwa mmoja wa vituo vyake. Katika hoteli moja ndogo karibu na maji tuliagiza ngege na ugali, ambao hapa huitwa kuon, na juu ya meza hiyo ndipo Mwalimu aliponiuliza swali gumu kuliko yote ya siku ile.

"Daktari," alisema, "wewe unakisikitikia Kisuba, na ni vyema. Lakini nani atamfundisha mtoto hesabu kwa Kisuba? Kitabu kiko wapi? Na akikijua, atakwenda nacho wapi? Mimi nilikuwa na watoto sita. Niliwapa Kiluo cha nyumbani, Kiswahili cha taifa na Kiingereza cha kazi. Mgongo wa mtoto hubeba kiasi gani?"

Anayedharau swali hilo hajawahi kulipa karo. Hata hivyo nilimjibu, na jibu lenyewe nalileta mbele ya wasomaji walipime.

Kwanza, mtoto habebi lugha mgongoni. Watoto wengi wa Afrika Mashariki hukua na lugha tatu bila ya kuumia, na yule dereva wetu alikuwa na nne. Kinachomchosha mtoto ni kufundishwa kwamba moja ya lugha zake ni aibu. Kiluo kina neno jamwa, la kumwita mtu asiyesema Kiluo, na watu wazima wa hapa hawajalisahau. Kila lugha kubwa ina neno la namna hiyo, na Kiswahili chetu hakikosi ya kwake. Tuna ushamba, tuna lafudhi ya bara, tuna vicheko vya darasani.

Pili, hakuna anayedai hesabu zifundishwe kwa Kisuba hadi chuo kikuu. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imekuwa ni kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo la shule. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na papo hapo inaiagiza serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Leo pana majimbo ya Suba Kaskazini na Suba Kusini. Jina Suba limepata viti bungeni wakati lugha yake inapoteza viti jikoni. Ni halali kuwauliza wanaolibeba jina hilo wanaifanyia lugha nini. Wapo waliokwisha kujibu kwa vitendo. Kisiwani Mfangano wenyeji walijenga makumbusho yao ya amani, na katika miaka ya 2010 ikaanzishwa redio ya jamii iitwayo Ekialo Kiona, iliyotangaza kwa Kisuba. Maana ya jina hilo ni dunia nzima. Msomaji wa Kiswahili aliangalie vizuri: ki- ya ekialo inaitikiwa na ki- ya kiona, kama vile kijiji kizima. Hiyo ni sarufi yetu, inayosemwa na jamaa yetu tusiyemtembelea.

Tatu, na hili lilinielemea mimi zaidi kuliko Mwalimu. Njiani tulikuwa tukisikiliza Ramogi FM, redio ya Kiluo, ikisoma habari, ikitania na kutangaza vifo. Nchini kwetu Tanzania jambo hilo halipo. Redio zetu hutangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Tuna lugha zaidi ya 100, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja kuwa hazina. Lakini hazina hiyo haina darasa wala kipaza sauti. Kama Kiluo kilikuwa kimbilio la Wasuba, Kiswahili ndicho kimbilio la Wahacha, Wakwaya na wengine wengi kwetu, nacho huitwa kwa upole ule ule: nyumbani, sokoni, kanisani, msikitini na shuleni. Nimekitetea Kiswahili maisha yangu yote ya kazi na nitaendelea kukitetea, kwani kimetupa umoja ambao majirani wengi wanautamani. Lakini mpenzi wa kweli wa Kiswahili hawezi kukitakia ukubwa wa ukimya wa wengine. Kiswahili kimekua kwa kuazima; kikibaki peke yake ukumbini, kitaazima kwa nani?

Mwalimu alisafisha mikono, akatazama maji, akasema kwamba wavuvi siku hizi huona furu wakirudi katika sehemu nyingine za ziwa, tangu sangara alipoanza kuvuliwa kupita kiasi. Wanasayansi wa samaki husema hivyo pia. Hakuongeza neno, nami sikumdai maelezo.

Basi, walimu wenzangu na wanafunzi, nawaachia mambo matatu ya kufanya, na yote hayahitaji bajeti ya wizara. Mwanafunzi, likizo ijayo keti na mzee mmoja wa kwenu, uandike maneno 50 ya kazi yake: ya samaki, ya mifugo, ya jembe au ya dawa, pamoja na maana zake. Mwalimu wa Kiswahili, mtoto anapoandika omena, mbuta au fulu, weka kando kalamu nyekundu, umwombe aeleze darasa neno hilo limetoka wapi na wengine huliitaje. Kisha mfundishe dagaa, sangara na furu kama nyongeza katika ghala lake. Nanyi mtakaokuwa watunga kamusi na vitabu, njooni ziwani. Bahari imetulisha maneno kwa karne nyingi, na maziwa makuu yana yao mengi yanayosubiri mlangoni.

Huko Sindo Jumapili haiko mbali, na simu italia tena. Wajukuu wale wakikaa karibu safari hii, wauliza neno moja tu lina maana gani, tayari yule mama atakuwa na mtu wa kuzungumza naye.